Majani Yasiyooshwa

Isakkiammal hakuwa mtu wa makuu. Mtaani kwetu, upande huu wa mto Tamiraparani, tulimjua kama binti wa yule mama muuza idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, binti aliyesoma mpaka akapitisha umri wa kuposwa. Ukikutana naye njiani alikuwa anakwenda upesi, kichwa kakiinamisha, mkoba wa kitambaa begani, asumini kidogo nyweleni, na vidole vyenye madoa meusi. Madoa yale yalitokana na chumvi ya fedha ya maabara. Hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Yanangoja ngozi yenyewe ichoke na kubanduka. Sisi majirani tulimtania kwamba kila akipigwa wino wa kura kidole kimoja, anaongeza vingine nyumbani ili akapige tena.

Kazi yake chuoni ilikuwa kuchemsha majani. Naona unacheka, lakini kwetu hii ni elimu kubwa na watu wamepata vyeo kwayo. Unachemsha jani, unachuja, ule mchuzi unauchanganya na chumvi ya fedha iliyoyeyushwa. Ukiwa na bahati, maji yanageuka manjano, kisha kahawia, na hapo ndani ya chupa zimezaliwa chembe za madini ya fedha ndogo mno, ndogo kuliko bakteria wenyewe zinaowaua. Huhitaji sumu ya kiwandani wala tanuri. Jani ndilo linalofanya kazi. Halafu unadondosha tone kwenye kisahani kilichopandwa bakteria, unakiweka kwenye kabati la joto, na kesho yake unatafuta duara safi kuzunguka lile tone, mahali ambapo hakuna kilichoota. Duara likiwa pana, umepata dawa. Lisipoonekana, basi ulichemsha mboga.

Vyuo vyetu vyote vinafanya hivyo. Huyu ana mrehani, yule ana ganda la komamanga, mwingine kafunga safari hadi pwani ya Tuticorin kuokota mwani. Isakki alikuwa na mwarobaini. Profesa wake, mzee Gomathinayagam, alimwambia achague mti mmoja na asiuache, na yeye akachagua uliokuwa karibu na kwao: mwarobaini wa mbele ya hekalu la Mariamma, mungu mama wa mtaa wetu.

Sasa huo si mti wa kuchezea. Kwetu mwarobaini ni Mariamma mwenyewe. Mtoto akishikwa na tetekuwanga hatusemi anaumwa, tunasema Mariamma amekuja kutembea, tunafunga matawi ya mwarobaini mlangoni na kumlaza mtoto juu ya majani yake. Shina la mti ule limevishwa kitambaa chekundu, na ukifika mwezi wa Aadi wanawake wanaumwagia maji ya bizari ya manjano mtungi kwa mtungi, wakipiga vigelegele, huku pembeni masufuria ya uji wa ulezi yanatokota kwa ajili ya mtaa mzima.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Aadi, asubuhi, ndipo Isakki alipokwenda kuchuma. Alifumbata mikono, akaomba ruhusa, akachuma matawi ya chini kwa sababu ni mfupi. Majani yalikuwa yamelowa manjano, yanadondoka. Akayafunga kwenye taulo na kwenda nayo chuoni.

Kanuni ya maabara inasema majani yaoshwe kwanza kwa maji ya bomba, kisha kwa maji safi ya maabara. Isakki aliijua kanuni hiyo kama anavyolijua jina lake. Lakini aliposimama mbele ya lile sinki, sinki linalomiminiwa uozo wa visahani, linalonuka siku zote na kuzibwa na nywele za sijui nani, mkono ulikataa. Manjano yale yalikwisha kupita mwilini mwa Mariamma. Ni baraka. Utayamwagaje pale? Akayakung'uta majani, akayafuta kwa ncha ya sari, akayachemsha hivyohivyo. Kwa hilo simlaumu. Ungemweka mwanamke yeyote wa mtaa wetu pale, angefanya vilevile.

Maji yakageuka kahawia kabla hajamaliza kufunga chupa. Kesho yake duara lilikuwa pana hata Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti," alisema, "hawa bakteria umewapiga au umewafukuza nchini?"

Alirudia na kurudia mwezi ule wote, kila mara majani ya Ijumaa, kila mara bila kuyaosha, na kila mara mambo yakawa yaleyale. Alipoandika makala yake, aliandika kwamba majani yalioshwa vizuri. Kila mtu huandika hivyo. Mkono uliandika wenyewe, na yeye hakufikiri kwamba anadanganya. Alifikiri lile lilikuwa jambo dogo kati yake na Mariamma. Makala ikachapishwa, chuo kikampa kazi ya kufundisha, na wanafunzi wakaanza kumwita madam. Mjomba wake Sudalaimuthu, aliyekuwa katika kamati ya hekalu, akatundika bango kubwa njia panda lenye picha ya Isakki upande mmoja na Mariamma upande wa pili, na maneno: MAMA AMETOA, BINTI YETU AMEPOKEA. Mama yake akawa anagawa chatini ya bure kwa kila anayelisifu lile bango, mpaka biashara ikaanza kuyumba.

Ndipo akaja Jebakani.

Jebakani alikuwa mwanafunzi mpya wa Profesa, Mkristo kutoka kijiji cha jirani. Baba yake alikuwa katekista na alikwisha kufariki. Mama yake alikaa mlangoni kutwa akisokota bidi, vile visigara vya jani, akikohoa. Kaka yake alikwisha kusema wazi: ukishindwa chuo, unaolewa, mume yupo. Profesa akampa kazi nyepesi kuliko zote, auchukue mwarobaini wa Isakki na kuusogeza mbele, aujaribu kwenye bandeji za vidonda. Ila kwanza arudie alichofanya mwenzake.

"Dada, nieleze hatua kwa hatua," alimwambia Isakki siku ya kwanza, kalamu mkononi. "Mimi ni mzito, nieleze kama mtoto."

"Chuma, osha, chemsha, chuja," alisema Isakki. "Wala si kazi."

Jebakani aliosha. Yeye hakuwa na sababu ya kutoosha. Aliyasugua majani yale mpaka yakang'aa, maana ndivyo alivyolelewa, kufanya kazi kama unatazamwa. Na duara likatoka jembamba kama uzi. Akarudia, likatoka uzi. Akabadilisha maji, akabadilisha moto, akaja mapema kuliko mfagiaji na vidole vikamgeuka vyeusi hadi kwenye kucha. Bado uzi.

"Jebakani, wewe unafanya utafiti au unapika supu ya rasamu?" Profesa alimuuliza mbele ya watu. "Bakteria wakikuona unaingia wanapiga makofi."

Watu wakacheka. Isakki naye akacheka, kwa kuwa wakati huo alikuwa bado hajui.

Alijua Aadi iliyofuata. Alikuwa amepanga foleni na bakuli lake la uji, akawaona wanawake wanainua mitungi na kuumwagia mti, na maji ya manjano yanaruka, yanalowesha matawi ya chini, yaleyale anayoyafikia yeye. Akatoka kwenye foleni na bakuli tupu. Jumatatu yake aliingia maabara peke yake, akachemsha manjano matupu ya jikoni kwa mama yake, bila jani hata moja, akatia chumvi ya fedha. Maji yakageuka kahawia kabla hajafunga chupa, na kesho yake duara lilikuwa pana. Kumbe siku zote ilikuwa ni manjano.

Hapo sasa ndipo ninapomlaumu. Alisimama na ile chupa mkononi, akaitazama, kisha akaimwaga kwenye sinki lilelile, akafungulia bomba maji yakaenda. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia atasema Profesa akipona mafua. Profesa akapona, ikaja sikukuu ya Dipawali. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Isakki aliijua methali hiyo vizuri kuliko mimi. Alikuwa anaisikia kila akipita njia panda chini ya lile bango, na picha yake mwenyewe inamtabasamia.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka nyumbani. Mtaa ulikuwa umegundua kwamba kuna msichana Mkristo anakuja kuchuma mti na hapati kitu, na mtaa ukishagundua jambo hutafuta maelezo yake haraka.

"Mariamma hamtaki," alisema mama yake Isakki, akigeuza vyungu vya idli. "Iko wazi. Wewe amekupa, yule amemnyima."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Hata mjomba wako Sudalai kasema. Mti una mwenyewe."

Na siku moja Jebakani mwenyewe, akisugua vidole kwa ndimu iliyokauka, akauliza bila kumtazama.

"Dada, labda ni kweli? Labda Mama yenu Mariamma hapendi nimguse?"

Hapo Isakki angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake alisema, "Jaribu kuomba ruhusa kabla ya kuchuma." Akaona yule msichana anaitikia kwa kichwa, kwa dhati, kama ameambiwa siri ya kazi. Jioni ile Isakki hakula. Alijihisi mchafu, na akajua kwamba uchafu wenyewe ni wa kwake, hakuna wa kumsingizia.

Wakwe watarajiwa walikuja Januari kumtazama Jebakani, wakaviona vidole, wakauliza kama ni ukoma. Kaka yake akawaapia kwamba vidole vitasafika akiacha chuo. Na jopo la walimu watatu wa kutoka nje lilikuwa linakuja mwezi Machi kumpima. Kama hana cha kuonyesha safari hii, jina lake linafutwa. Profesa alimwambia hivyo kwa upole, na upole wa Profesa ulitisha kuliko kejeli zake.

Siku moja kabla ya jopo, mchana, Isakki alifungua kabati la joto kutoa visahani vya wanafunzi wake. Mbele kabisa kulikuwa na kisahani chenye jina la Jebakani. Duara lake lilikuwa pana, kingo zimekatika safi. Moyo ukamruka kwa furaha. Amepata! Basi sihitaji kusema tena. Kisha akatazama chupa iliyokuwa kando. Mchanganyiko ulikuwa na rangi ileile hafifu ya siku zote, kama maji ya kuoshea mchele. Fedha ilikuwa imegeuka kidogo tu. Kilichowaua wale bakteria kilikuwa kitu kingine.

Jebakani alikuwa mezani kwake, mgongo kwa mlango, anaosha mirija iliyokwisha kuoshwa.

"Jeba, hiki ni chako?"

"Changu, dada."

"Umeweka nini humu?"

"Mwarobaini. Kama wewe."

"Jeba, nitazame."

"Nimefuata ulivyosema, dada. Chuma, osha, chemsha, chuja." Sauti ilikuwa nyembamba. "Si umeona limetoka? Kesho wataona limetoka. Niache."

Isakki akavuta kiti, akakaa.

"Mimi sikuosha."

"Hukuosha nini?"

"Majani. Yalikuwa na manjano ya ibada. Niliona haya kumwaga manjano ya Mariamma kwenye sinki lile, nikayachemsha hivyohivyo. Duara langu si la mwarobaini, Jeba. Ni la manjano. Wewe hujakosea kitu. Hujawahi kukosea kitu."

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Jebakani alilifunga polepole.

"Umejua lini?"

"Aadi."

"Hii iliyopita?"

"Hii iliyopita."

"Krismasi nilikuja kwenu na keki. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Wale watu walipokuja kuviangalia vidole vyangu, wakaniuliza kama nina ukoma. Nikakusimulia hapa hapa, tukacheka. Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Nimeuomba radhi ule mti, dada. Mimi, binti wa katekista! Kila Ijumaa, nimefumbata mikono, nasema nisamehe kama nimekukosea. Baba angefufuka angenichapa." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa kipande cha vidonge vya duka la dawa, vidonge vya kuua bakteria wa vidonda, viwili vimetolewa, akakiweka mezani kati yao. "Niliviyeyusha jana jioni."

Isakki alikigeuza kile kipande, akasoma jina la dawa.

"Kwa nini umeniambia leo?" aliuliza Jebakani, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Ungeniambia jana. Jana asubuhi nilikuwa bado sijadanganya mtu."

Isakki alichukua kile kisahani kwa mkono wake, akakitia kwenye sufuria kubwa ya presha wanayochemshia visahani vilivyotumika, akafunga kifuniko, akawasha moto. Vile vidonge akavitia mkobani mwake. Walikaa pande mbili za meza wakisikiliza sufuria ikipiga filimbi.

Asubuhi jopo lilipoketi, Profesa hajamaliza hata kuwakaribisha wageni, Isakki akasimama.

"Madam Isakkiammal, zamu yako siyo hii," alisema Profesa. "Keti."

Hakuketi. Alipiga moyo konde, akaeleza yote: mti, manjano, sinki, makala, ile chupa aliyoimwaga. Akasema Jebakani ndiye mtu pekee katika chumba kile aliyefuata kanuni, na kwamba kile kiduara chembamba kama uzi ndicho ukweli wa mwarobaini ule. Kuhusu vidonge hakusema neno. Hiyo ilikuwa zawadi pekee aliyokuwa nayo.

Mwalimu mmoja mgeni, mama mnene mwenye sari ya kijani, alimuuliza kwa nini hakusema tangu Aadi.

"Nilikuwa naogopa bango langu lishushwe," alisema Isakki.

Lilikuwa jibu la kitoto, na ndilo lililokuwa la kweli. Hakuna aliyecheka.

Makala ikaondolewa. Mkataba wake wa kufundisha ulipokwisha, chuo hakikuuongeza. Profesa alimwambia kwenye korido, "Umenimaliza, binti," akaondoka, kisha akaonekana kantini akimwagizia Jebakani kahawa na vada mbili, zile bajia za dengu, jambo ambalo kwa Gomathinayagam ndiko kuomba radhi. Jopo lilimwongezea Jebakani muda, aanze upya, manjano peke yake na mwarobaini peke yake. Kaka yake akanywea. Mjomba Sudalai alilishusha bango usiku asionekane, na kitambaa chake sasa kinafunika kuni za hekalu, jicho moja la Isakki linachungulia.

Mama yake ndiye aliyeshindwa kuelewa. "Kwani ulilazimika kusema? Manjano si ya Mariamma vilevile? Mti wake, manjano yake, duara lake!"

"Mama, mwenye kudanganya nilikuwa mimi. Si Mariamma."

Sasa Isakki anafundisha watoto masomo ya jioni barazani, na asubuhi anageuza vyungu vya idli. Vidole vimeanza kusafika. Aadi hii alikuwa na zamu ya kugawa uji pale hekaluni, na mimi nilikuwa nyuma kwenye foleni, kwa hiyo hili nimeliona kwa macho yangu.

Jebakani alikuja na kikapu. Hakufumbata mikono safari hii. Alisimama tu mbele ya mti, akaangalia juu, akitafuta tawi ambalo manjano hayakulifikia. Lilikuwa mbali. Isakki aliacha upawa ndani ya sufuria, akaja mbio, akapanda kwenye jiwe la msingi wa hekalu, akalivuta lile tawi kwa uzito wake wote, mtu mfupi vile, na kulishikilia chini huku mwenzake anachuma. Kikapu kilipojaa akaliachia.

"Jeba," alisema, anahema, "kaa basi unywe uji."

Jebakani alikwisha kugeukia bomba la hekalu. Alikuwa ameinama anayaosha majani, moja moja, pande zote mbili, kwa vile vidole vyeusi. Alipomaliza aliyakung'uta, akakifunika kikapu, akajitanda vizuri.

"Asante, madam," alisema, akaenda zake.

Isakki alibaki pale chini ya mti. Hata huo umadam alikuwa hana tena. Foleni ilikuwa inangoja, watoto wanagonga mabakuli, na mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti kwamba uji unapoa.